Uji wa Asali Kabla ya Amina

...aendelee tu, mzee wa watu, aombe mpaka kuku warudi bandani, aombee mvua, aombee mbuzi, aombee barabara ya Siakago na wote wanaopita juu yake, maana akisema amina tu macho yote ya sebule hii yatafunguka na kunigeukia mimi, mimi na kikombe hiki cha uji kinachonichoma viganja, na Beth, yule shangazi yake Wawira mchumba wa mwanangu, atarudia swali lake, simjui sana lakini nimeshamjua, si mtu wa kusahau swali, ameliweka chini ya ulimi kama peremende na anangoja... "Hutumii sukari, Mama Murithi? Kwa nini?" alisema hivyo, kwa sauti laini, na kabla sijajibu mzee Munyi, baba mkubwa wa Wawira, akasimama akavua kofia akasema tuombe kabla chakula hakijapoa, na Mungu ambariki kwa kusimama kwake, viti vikalia, vichwa vikainama, macho yakafungwa, na sasa niko hapa gizani ndani ya kope zangu, nasikia harufu ya wimbi na moshi na asali... asali, ndiyo shida yenyewe, asali, kwa sababu wengine wote uji wao umetoka kwa jagi kubwa lenye sukari, lakini wangu Wawira aliuleta peke yake, kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo, akasema mbele ya watu wote, "Mama, wako nimeupika kando. Murithi aliniambia hutumii sukari, nikaweka asali yetu, ya mizinga ya baba," na uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyeleta ripoti nzuri kutoka shuleni, na mwanangu Murithi pale pembeni akatabasamu mpaka masikioni, hawa wawili wamelipanga jambo hili, wamelipanga kwa simu wiki nzima, nitampendeza mama kwa kitu gani, nitampendeza mama kwa kitu gani, na uji wenyewe mzito, na asali hakuimwaga kwa mkono wa birika, niliiona kabla sijafunga macho, inazunguka juu, nyeusi, ya nyuki wa nchi kavu, vijiko vinne, vitano, binti huyu amenipenda kwa vijiko vitano.

"...umewatoa watoto wako kule Ruiri kabla ya jua, Baba, umewashikia usukani, hakuna gurudumu lililojikwaa..." anasema mzee, na ni kweli, tulitoka na baridi ya Ruiri ndani ya makoti, tukashuka, tukashuka, mpaka udongo ukawa mwekundu na hewa ikawa ya joto na mashamba yakawa ya ndengu, na Salesio, mume wangu, akavua koti, akavua sweta, akasema nchi hii ikishuka zaidi atafika kwa wakwe amevaa kofia peke yake, na tulipofika mlangoni akaanza utani na wanaume wa hapa, nyinyi mnatafuna muguka, majani, kama mbuzi, nao wakamjibu nyinyi wa Meru mnatafuna miraa, miti, kama mchwa, wakacheka, wakapigana mabega, dakika tatu tu wakawa ndugu, wanaume wana bahati, sisi wanawake tunaingizwa kwa mlango mwingine, mlango wa maswali... Beth alinishika mkono pale nje, mkono wa joto, mkono mzuri, akaniambia leo ni siku ya kubisha hodi tu, mambo ya ng'ombe yatakuja baadaye, lakini nyumba hii ina kawaida yake, mama wa kijana ndiye huonja kwanza uji wa mikono ya msichana, akimaliza kikombe ndipo wengine wanainua vyao, hiyo ndiyo sahihi yako, Mama Murithi, na hapo hapo, bila kuvuta pumzi, "Na kwenu mko wazima? Hakuna ugonjwa wa nyumba? Si unajua lazima tuulize," na ninajua, kwetu pia huuliza, mtu haoi bila kuuliza nyumba ile watu hufa na nini, kuna kifafa, kuna wazimu, kuna sukari, nami nikasema, Mungu nisamehe, nimevaa viatu vya heshima na kitambaa kipya kichwani, nikasema, "Sisi wazima kabisa," kwa sauti ya mtu anayesema kweli, na Beth akatikisa kichwa akaridhika, na haikupita nusu saa kabla ya Wawira kuingia na kikombe na kutangaza kwa sebule nzima kwamba mimi situmii sukari.

Si uongo wote, jamani, si uongo wote, mimi si mgonjwa, Nkirote mwenyewe alisema, mwezi wa pili mwaka huu, walipokuja kanisani na meza yao na visindano vyao vya kutoboa kidole, nikaambiwa nirudi kesho yake asubuhi kabla ya kula kitu, nikarudi na njaa, wakatoboa, wakasoma kile kimashine, sita nukta nne, nikaanza kupanga nani atamkamua ng'ombe nikifa, nani atawapa kuku maji, Salesio hajui hata chumvi inakaa wapi... na Nkirote, msichana mdogo, rika la Wawira, aliyesomea mambo ya lishe chuoni pale Nchiru, akaona nimepotea, akanishika kiganja hiki hiki, akasema, "Mama, uko kwa geti. Hujaingia. Na hapo kwa geti watu hugeuka wakarudi," na siku hiyo hiyo akaniandikisha kwa watu wa Jumanne, ndivyo tunavyojiita, watu wa Jumanne, ishirini na wawili, wote tuko kwa geti, na siku yetu ni Jumanne katika ukumbi wa kanisa, na asubuhi nyingine zote ni za barabara, saa kumi na mbili unusu, umande bado kwenye nyasi, tunatembea mstari mrefu kuelekea kilimani, wiki ya kwanza hakuna aliyeongea, tulikuwa tunahema kama mvukuto, wiki ya tatu mmoja akaanzisha wimbo, wiki ya sita tukaimba tukipanda, tukipanda, fikiria, na sauti zikabaki, miguu ikapata wimbo, wimbo ukapata miguu, na watoto wa shule wakawa wanatuiga kando ya njia, na nani alijua, nani angeniambia kwamba nikiwa na miaka hamsini na mitatu nitaamka kabla ya jogoo kwa sababu nimetamani kutembea, si kuchota maji, si kuwahi soko, kutembea tu, kama mtu ambaye mwili ni wake.

"...na hii sahani iliyo mbele yetu, Bwana, uitakase..." sahani, ee, mzee amenikumbusha sahani, nisicheke, nisicheke katikati ya maombi ya watu... ile Jumanne Nkirote alipochora sahani kwa chaki kwenye sakafu ya ukumbi, kubwa, ya upana wa ukumbi mzima, akaikata, nusu nzima mboga, robo ugali na viazi na wali, robo maharagwe na nyama na mayai, akasema sasa kila mtu aingie asimame kama kile chakula alichokula zaidi jana, na tukaingia, tukaingia, tukajazana kwa robo ya ugali watu kumi na saba, tunakanyagana, tunashikana viuno tusianguke nje ya mstari, na kwa ile nusu kubwa ya mboga amesimama nyanya mmoja, bibi kizee, peke yake, mikono kifuani, kama sukuma wiki iliyosahaulika shambani wakati wa kiangazi, na kwa robo ya tatu wachache, na katikati yao Kaburu mwenye bucha, amesimama kama mfalme, akasema yeye ni nyama na hahami, amesomesha watoto kwa nyama, na Nkirote akazunguka akituangalia na chaki mkononi, akasema polepole, "Basi hii ndiyo sahani ya Ruiri," na tukajiona, tukajiona kweli, kicheko kilichotoka hapo kiliwafukuza njiwa kwenye paa, watu walilia, nyanya wa mboga akaketi chini kabisa kwa kucheka, kisha Nkirote akaanza kutuhamisha mmoja mmoja kwa mkono, wewe njoo kwa mboga, wewe njoo, mimi nilihama nikashika mkono wa yule nyanya, na mpaka leo nikipakua chakula naona watu, naona mboga za majani, terere na managu, wamesimama wengi upande huu, ugali umejibana pale na majirani wake wawili, na Kaburu kwa kona yake, mdogo, ukubwa wa kiganja, amenuna.

Na Salesio... namsikia hapa kando anapumua, kama nisingemjua ningesema anaomba, lakini huyu amelala, Salesio hulala kwa maombi marefu tangu nimjue, kichwa kimeinama kwa unyenyekevu mkubwa na usingizi mtamu... Salesio ambaye yeye sukari yake ilikuwa sawa, hakulazimika kuja, alikuja kwa Jumanne yangu ya pili akasema siwezi kumwacha mke wangu azurure barabarani na wachunga ng'ombe, akapewa kile kidude cha kuhesabu hatua, unakifunga kiunoni kinahesabu chenyewe, na wiki iliyofuata tukasoma, mimi elfu nne mia saba, Kaburu elfu tatu, Salesio elfu ishirini na sita, kila siku, ukumbi ukapiga makofi, wiki nyingine elfu ishirini na nane, Nkirote akamwita mbele awaeleze watu siri yake, akasema ni moyo, ni kujituma tu, na mimi nikajiuliza huyu mtu anatembea saa ngapi, kwa maana namuona kwa kiti, kila nikigeuka namuona kwa kiti, mpaka Alhamisi moja nikaenda zizini nikasikia kitu kinagongagonga, nikatazama, kidude kimefungwa kwa kamba ya katani shingoni mwa beberu, beberu wetu mwekundu, ambaye hajawahi kutulia tangu azaliwe, anayezunguka majike kutwa nzima, nikangoja Jumanne, nikamvuta beberu kwa kamba mpaka ukumbini, nikamwingiza mlangoni, nikasema Nkirote, mshindi wako ndiye huyu, mpe cheti... na beberu akasimama pale mbele, akatazama watu, na Salesio akainamisha kichwa kama alivyoinamisha sasa, ila siku hiyo hakuwa na usingizi, na tangu hapo anatembea, kwanza kwa aibu, kisha kwa mazoea, kisha sijui kwa nini, asubuhi yeye ndiye huniamsha, tunatoka wawili kabla ya wengine, giza linapasuka, tunaongea, tumeongea miezi hii minane kuliko miaka ishirini na minane yote, amenieleza mambo ya baba yake ambayo sikuwahi kujua, na juzi alinishika mkono kwa ile njia ya mawe, si kwa sababu nimeteleza.

"...na mizinga, Baba, mizinga ya ndugu yangu Njoka, nyuki wasihame..." mizinga ya Njoka, baba yake Wawira, ndiyo iliyo hapa kikombeni, narudi kwako kikombe, nilikukimbia kidogo tu... na kama kuna mtu hana haki ya kumlaumu huyu msichana ni mimi, kwa sababu mimi, wa kwanza kati ya watu wa Jumanne, niliacha sukari kabisa, ile siku ya kwanza tu, nikaitoa nyumbani, nikampa jirani pakiti nzima, nikajivuna, miezi miwili nikatembea nikijivuna, na tukapimwa tena, na sukari haikushuka, imekaa pale pale sita nukta nne kama mgeni asiyejua kuaga, na kilo nimeongeza moja, Nkirote akashika daftari akaniuliza, mama, tuambie, chai unaweka nini, na nikasema mbele ya wote, kwa kiburi safi, sukari sijaigusa, natumia asali, vijiko vitatu, na ukumbi wote ukaitikia ee, asali ni dawa, asali hutibu kikohozi, asali kwetu ndiyo hutangulia mahari, nani aseme vibaya juu ya asali, na Nkirote akaweka kalamu chini, "Mama Murithi, mwili hauulizi kama ni ya kiwanda ama ni ya nyuki," na kutoka nyuma Kaburu akainua mkono mzito akasema, basi hata mimi ni asali, na mkono mwingine ukainuka, na mwingine, kumi na minne, hesabu kumi na minne, ukumbi mzima ulikuwa unaelea juu ya asali, kila mmoja kwa siri yake, kila mmoja akidhani ndiye mwerevu peke yake... na tukacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa na kitu ndani yake, kama mtu aliyekuwa akitafuta miwani akaipata kwenye paji la uso wake, na tangu siku hiyo chai yangu ni chai, majani na maziwa, wiki mbili za kwanza ilikuwa kama kunywa mvua, kisha siku moja nikaonja maziwa, maziwa yenyewe, utamu wa maziwa ambao sijaujua tangu niache kunyonya.

"...na uondoe kila ugonjwa katika nyumba hizi mbili, Bwana, ule tunaoujua na ule uliojificha..." "Amina," nimesema, nimesema peke yangu, kwa nguvu, kabla ya wakati, Salesio ameshtuka usingizini, kiwiko chake kimenigusa, mzee amesita kidogo kisha ameendelea, asante, endelea... ule uliojificha... ulijificha wapi, ulijificha Kianjai, sebuleni kwetu, siku watu wa Salesio walipokuja kunibishia hodi mimi, na mama yangu amekaa kiti kama hiki, kitambaa cha samawati kichwani, daktari alikuwa ameshamwambia, miezi mitatu kabla, mama una sukari, na akatuambia sisi mabinti zake wanne tusimwambie mtu, hamjaolewa bado, mnataka watu waseme nyumba ile ina sukari? na chai ikaletwa, imepikwa na sukari ndani kama ya wageni ilivyokuwa, na shangazi wa Salesio wanatazama, watatu, wamejipanga kama mashahidi, na mama akanywa, akamaliza, akaongezewa, akanywa, akaongezewa, akasema chai ya binti yangu ni tamu namna gani, na mimi ndiye niliyekuwa nashika birika, ni mkono wangu uliommiminia, nilijua na nikammiminia, kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa, na jioni hakuona saa ukutani, akauliza mbona mmezima taa na taa ilikuwa inawaka... kikakatwa kidole cha mguu, ukafuata mguu, akawa anauza vitunguu soko la Kianjai ameketi, na watu wakidhani ni baridi yabisi, Murithi akiwa darasa la tano tukamzika, na mchungaji akasoma karatasi tuliyomwandikia, aliugua kwa muda mfupi... muda mfupi, miaka kumi na miwili, tukaiita muda mfupi, tukaandika hivyo kwa mkono mzuri, na mimi ndiye niliyeandika.

Na leo nimeketi kiti chake. Ndivyo ilivyo, nimekuja kilomita zote hizi na viatu vya heshima nikaketi kiti cha mama yangu, ila yeye alikuwa na mabinti wanne wa kuoza na hakuwa na Jumanne, hakuna mtu aliyemshika kiganja akamwambia uko kwa geti, alipoambiwa alikuwa ameshaingia na mlango umefungwa nyuma yake, na hofu aliyokuwa nayo ilikuwa hofu ya haki, hofu ya upendo, simlaumu, mama, sikulaumu hata kidogo... lakini mimi naogopa nini, hebu niitazame hofu yangu, watasema nini, watasema nyumba ya Salesio ina sukari, na mimi nitasema nini, nitasema ndiyo, ilikuwa nayo, ilimchukua mama yangu, na ilinisalimia mimi kwa geti mwezi wa pili nikageuka, nimegeuka na watu ishirini na wawili na beberu mmoja, nilikuwa kilo themanini na nne, leo niko sabini na nane, gauni hili fundi amelipunguza mara mbili kiunoni, Jumanne iliyopita kimashine kilisoma tano nukta nane na Nkirote akaruka pale alipo kama msichana wa shule, hii ni aibu? hii si aibu, hii ni habari njema, ni habari ya kuimbia barabarani, na mimi nimeibeba mpaka Siakago nikaificha mlangoni kama mtu anayeficha jino bovu... na nikimaliza kikombe hiki nani atapona, nitapigiwa makofi, Wawira atafurahi, na kila nikija atanipikia kwa vijiko vitano, kwa mapenzi, miaka yote, na nitakunywa, kwa mapenzi, na atajifunza kwangu namna mama anavyoficha, na siku moja ataandika karatasi kwa mkono mzuri, aliugua kwa muda mfupi... la, siyo kwa huyu, siyo kwa msichana anayeng'aa namna hii, na nani ajuaye, tumo watu ishirini sebuleni humu, huenda kuna mwingine hapa yuko kwa geti na hana habari, huenda ni Beth mwenyewe na swali lake, huenda anauliza hivyo kwa sababu anaogopa.

Lakini nitasemaje bila kumvunja, hapo ndipo, hapo ndipo panataka akili, nikisema tu asali ni sukari nitakuwa nimempiga kofi mbele ya wageni, ameipika kwa heshima, ameitenga kando, la, nitaanza na mimi, nitawapa ujinga wangu kwanza, wanicheke mimi, nitasema, "Wawira, umefanya hasa nilivyofanya mimi, keti nikwambie," kisha niwape ukumbi mzima, niwape mikono kumi na minne hewani, Kaburu na sauti yake, na wakishacheka niseme neno lile lingine, niliseme wazi, Beth, uliniuliza mlangoni na sikukujibu vizuri, mama yangu alikufa kwa sukari, na hiki ndicho ninachofanya ili mimi nisifuate, na uji huu nitauonja, funda moja, kwa sababu umetoka kwa mikono yake na mikono yake nimeikubali, kisha nimpe Murithi amalizie, ana miaka ishirini na saba na miguu ya swala, na kama sahihi ya nyumba hii ni kikombe kitupu basi changu kitakuwa kitupu kwa mdomo wa mwanangu na wenyewe wataamua... nimefungua macho. Sikukusudia. Yamefunguka yenyewe, na sebule nzima imeinama, vichwa, vitambaa, upara wa Njoka, na pale mlango wa jikoni amesimama mtu mmoja mwenye macho wazi, Wawira, sinia amelikumbatia kifuani, hamtazami mzee, anatazama kikombe changu, ananitazama mimi, nyusi zimepanda, zinauliza, mama, ni mbaya? nimekosea? na hofu iliyo usoni mwake naijua, nilikuwa nayo mimi nikiwa nimeshika birika, na kabla sijafikiri nimetikisa kichwa, hapana, mwanangu, hapana, na nimepapasa kochi hapa kando yangu, mara mbili, njoo, na anakuja, anapita kwa ncha za vidole nyuma ya mzee Munyi anayeomba, ameketi, kochi limebonyea, ananukia moshi na sabuni, bega lake ni la joto, na sasa tumeshika kikombe wawili, yeye hajui kwa nini, amekishika tu kwa sababu nimekishika, na mzee ameshamaliza nyumba hizi mbili na ametoka nje amewafikia majirani, anamwombea ndama wa jirani anayeharisha, mguse ndama huyo, Bwana, mguse tumboni, na bega la Wawira limeanza kutikisika, anacheka, msichana huyu anacheka ndani ya maombi, na mimi nimebana midomo machozi yananitoka, na ninataka amina yako sasa, mzee, iharakishe, kikombe bado kimejaa, mvuke bado unapanda, na mimi nimeshavuta pumzi ya kusema.